Fundo Kwenye Uzi Mwekundu

Miaka thelathini na minne, dukani mtaa wa Biashara,
baba alifunga fundo dogo
kwenye ncha ya kila uzi mwekundu.
Wa kijani aliuacha mtupu.
Tulidhani ni mazoea tu,
kama ya watu wanaohesabu ngazi wakipanda,
na fundi Esmailji alipomuuliza, baba alicheka:
"Uzi usiofungwa hukimbia."
Akafa nalo.

Juzi mwanangu Bwanakombo, wa miaka saba,
kachora bendera shuleni:
nyeusi juu, kijani kati, nyekundu chini.
Mwalimu kaandika pembeni: *Kuwa makini.*
"Mama, nimekosea wapi?"
Nikaitazama karatasi.
Nikakumbuka fundo.

Daktari Nadzua akatufungulia kwenye kompyuta
mstari mrefu wenye vilima na mabonde.
Hii, akasema, ni kromosomu X.
Penye kilima, watu hutofautiana sana.
Na hapa, pabapa kama mchanga maji yakitoka,
karibu sote tu sawa,
wa Kisauni na wa Uchina:
huenda zamani herufi moja ilifaa mno,
ikapita kama ufagio,
ikazoa na majirani zake.

Mimi niliona ukili.
Bibi Mwanasiti, mzaa baba, kwake Mtongwe,
akisuka bila kupima,
ukili ukijiviringa kando ya mguu wake mbovu:
hapa miyaa ya rangi, imesongamana,
kisha pima nzima nyeupe, kimya,
kisha rangi tena, bila kutuambia kwa nini.

"Theluthi mbili za umri wake," daktari akasema,
"X hukaa kwa wanawake."
Nao ndio wasukao.
Mwanamke anazo mbili, huzipishanisha,
mwaa wa huku ukaingia kule.
Mwanamume anayo moja,
na Y, mwenziwe mfupi,
hushikana nayo pindoni tu, ncha kwa ncha,
kama wakwe wanaosalimiana mlangoni
wasikaribishane ndani.

Kwa hiyo baba hakusuka.
Alichopewa na Bibi alikipitisha kizima,
kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa abiria mwingine.
Sisi mabinti watatu tulikipata, sawasawa.
Kaka Shee hakupata.
Shee alipata duka.

Na kule karibu na ncha, jeni mbili,
moja ya kuonea wekundu, moja ya kuonea ukijani,
bega kwa bega, pacha,
wanafanana hadi msusi mwenyewe hujisahau,
akashika huyu akidhani ndiye yule.
Siku moja, kwa mama mmoja nisiyemjua jina,
pengine kabla mji huu haujawa na ngome,
ukili ulitoka pungufu.
Hakuna aliyesikia kitu.

Mama mkwe amesema kwao hakuna kasoro hiyo.
Kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Nimenunua kalamu za rangi Marikiti,
nikaizungushia ile nyekundu uzi, nikafunga.
Bwanakombo akaipapasa.
"Na embe bivu? Litafungwa na nani?"
Sikuwa na jibu. Tukala embe.

Mimi naona rangi zote.
Mkono wa mama yangu ulinisitiri,
X yake ikaziba pengo la baba.
Lakini usiku hurudi kwenye siku ile ya kupambwa,
mimi katika vazi la kijani,
wanawake wakipiga vigelegele uani,
na baba akaruhusiwa kuingia, dakika moja tu.
Hakunitazama usoni.
Aliinama, akashika pindo la vazi langu,
akalipitisha polepole kati ya vidole viwili,
lote, hadi mwisho.
Nililia. Nilidhani ananiaga.

Huenda alikuwa akiniaga.
Huenda alikuwa akitafuta fundo.